Aliyebaki na Mizigo

Jumamosi asubuhi, boza la maji linapoingia mitaani Kitengela, wanawake hutoka na mitungi kabla dereva hajazima injini. Ni saa ya kelele njema. Bei ya maji inajadiliwa, bei ya sukari inalaumiwa, watoto wanakatazwa kukanyaga tope. Katikati ya kelele hizo simu ya mmoja wao ikilia, yeye huuacha mtungi wake pale ulipo na kujitenga kando ya ukuta. Wenzake hupunguza sauti bila kuambiwa. Mmoja humsogezea mtungi asipoteze zamu. Akirudi huwa amejipangusa uso kwa pindo la leso, naye husema maneno mawili tu, "Ameamka salama." Wanaitikia, "Mungu ni mwema," na habari za sukari zinaendelea.

Mumewe ni mwanajeshi, na kikosi chake kiko Somalia. Mtandao huko huja na kuondoka. Siku nyingine anapiga na kuambiwa mteja hapatikani, anapiga tena jioni, bado mteja. Siku hiyo hupika na kusahau chumvi, na watoto hula bila kulalamika kwa kuwa nao wamekwisha kujua.

Mpendwa, umewahi kuishi wiki nzima ukitegemea sauti ya mtu mmoja? Kaa na swali hilo kidogo kabla hatujaendelea.

Wengi wetu tukitaja vita huwa tunamaanisha mahali pengine. Tunaonyesha kwa kidole kuelekea mpakani, au kuelekea televisheni. Lakini tangu majeshi yetu yalipovuka kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, vita vimekuwa vikila chakula cha jioni katika nyumba za kupanga za Kitengela, Isinya na Kajiado mjini. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa anakaribia kumpita mama yake kwa kimo. Novemba 2022 wengine walipelekwa Goma, mashariki mwa Kongo. Juni 2024 polisi wetu walianza kwenda Haiti, ng'ambo ya bahari ambayo mama zao hawajawahi kuiona. Kila ndege inayoondoka na mwanamume mmoja huacha nyuma nyumba nzima iliyobadilika, na mwenye kuibeba nyumba hiyo, mara nyingi, ni mwanamke.

Tukumbuke tarehe 15 Januari 2016. Alfajiri ya siku hiyo Al-Shabaab waliishambulia kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, katika eneo la Gedo, Somalia. Idadi ya waliouawa haikutangazwa wakati ule, na kimya hicho kilikuwa na uzito wake mbali na uzito wa kifo. Wako wanawake waliotazama picha katika simu za majirani wakitafuta bega wanalolifahamu, au saa ya mkononi. Tarehe 27 mwezi huohuo ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kambi ya Moi kule Eldoret, na marais wa Kenya, Somalia na Nigeria wakahudhuria. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 27 Januari, kambi yetu ya Kulbiyow, hukohuko Somalia, nayo ikashambuliwa. Kwa hiyo kuna nyumba ambamo Januari haina maana ya sare mpya za shule. Ukimwona mama akiwa mkali mwezi huo, au akikosa kuja kwenye mazoezi ya kwaya, usiharakishe kumhukumu.

Lakini sitaki kuzungumzia siku za misiba peke yake. Hizo angalau tunaziona. Tunaleta turubai na viti, tunachanga, tunaimba. Ninalotaka ulitazame ni lile linalotokea katika siku ambazo hakuna lililotokea.

Mwanamke aliyeachwa nyumbani hujifunza kazi ambazo hakuwahi kuota. Ploti iliyonunuliwa kwa mkopo wa ushirika inahitaji mtu wa kusimama juu ya fundi, kwa hiyo anajifunza kuhesabu mifuko ya saruji na kujua lori la mchanga lililopunjwa. Anajifunza njia ya ofisi ya ardhi. Anajifunza kumjibu shemeji ambaye, tangu kaka yake aondoke, amegeuka mshauri wa kila senti. Mtoto akipandwa na homa usiku wa manane, anaamua peke yake kama ni ya kungoja kukuche au ni ya kubisha kwa jirani mwenye gari. Kwenye mkutano wa wazazi anakaa kiti kimoja akiwa baba na mama. Ukienda ndani zaidi, kuelekea Bissil au Mashuuru, utakuta yeyo, mama wa Kimaasai, ambaye sasa ndiye anayeamua ng'ombe yupi auzwe sokoni kabla ukame haujamkondesha. Zamani uamuzi huo haukupita mikononi mwake. Anauliza bei, anakataa bei, anaondoka na pesa zikiwa zimefungwa kiunoni. Jioni wazee wanasema amekuwa mwanamume. Wanadhani wamemsifu.

Na yako mengine ambayo hayasemwi kanisani. Upweke wa kitanda. Hofu ya gari geni linalopunguza mwendo mbele ya geti. Masikio ya mtaa: akipaka rangi ya mdomo, anampakia nani? Akija fundi wa bomba mara mbili, kwa nini mara mbili? Akikopwa akasema hana, ni choyo, maana kila mtu amekwisha kumhesabia pesa za Somalia. Tumezitenda dhambi hizi ndogo kwa kicheko, mpendwa, tukiwa tumesimama foleni ya kinyozi au saluni. Siyasemi haya ili kukuchoma. Nayasema kwa kuwa ni mambo tunayoweza kuyaacha leo bila gharama yoyote.

Eneo hili letu linavijua vita kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Longido, ng'ambo kidogo tu ya Namanga, mahali ambapo leo tunapita tukienda Arusha kununua vitunguu. Vita vile havikuwa vyetu, lakini mabega yalikuwa yetu. Wanaume wa Ukambani, wa Kikuyu, wa Nyanza na kwingineko walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebaki na jina la kikosi chao. Wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa upande wa Waingereza, na yaliyowaua zaidi ni magonjwa na njaa, si risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Nyumbani je? Jembe lilibaki mikononi mwa wanawake, na kodi ya kibanda ikaendelea kudaiwa. Mwaka 1918 ukame ukaja na njaa, kisha homa kuu ya mafua ikafuata. Mwanamke alilima, akazika, akalipa, akangoja mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba amekufa.

Katika Barabara ya Kenyatta, Nairobi, zipo sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kwa ajili ya vita hivyo. Ukipita mjini, simama uzitazame. Yuko mpagazi miongoni mwao, na maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba anayekufa akipigania nchi yake atakumbukwa na wanawe. Ni ahadi nzuri. Lakini huyo mwana, ili aje akumbuke, ilibidi mtu amlishe, amvushe njaa ya 1918, amsimulie babaye alikuwa nani. Huyo hana sanamu. Miaka kama 25 baada ya sanamu zile kusimama, wakati wa hali ya hatari chini ya Waingereza, wanaume walijazwa katika kambi za kizuizini, mojawapo ikiwa Athi River, jirani yetu hapa. Huko Kiambu, Murang'a na Nyeri wanawake walihamishiwa vijiji vya kulazimishwa, wakachimbishwa mahandaki mchana na kupewa muda mfupi tu wa kwenda kutafuta chakula cha watoto. Baadhi ya binti zao ni nyanya za Kitengela leo. Kama unaye nyanya wa namna hiyo, muulize angali anaweza kujibu.

Iko habari moja katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30, ambayo huwa tunaipita haraka tukikimbilia ushindi. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi na kukuta mji umechomwa moto, wake zao na watoto wao wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Wanaume wale wanalia mpaka nguvu zinawaishia. Kisha wanaondoka kuwafuatia adui, lakini wakifika kijito cha Besori, watu 200 wamechoka mno kuvuka. Wanaachwa pale na mizigo. Wale 400 wanakwenda, wanapigana, wanawaokoa watu wote, wanarudi na nyara. Ndipo baadhi yao wanasema waliobaki wasipewe chochote ila wake na watoto wao tu, kwa sababu hawakwenda. Daudi anakataa. Anaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na mizigo ni sawasawa, na uamuzi huo unafanywa sheria katika Israeli.

Ninampenda Daudi katika sura ile kuliko katika ile ya Goliathi. Alielewa kwamba mzigo usiolindwa hauna mtu wa kuurudia. Mume anayelinda mpaka kule Gedo anaweza kulala saa zake chache kwa sababu anajua mlango wa Kitengela umefungwa na watoto wamekula. Fungu la mke wake liko wapi? Katika siku ya mashujaa anaitwa kupika. Siku akifiwa, anapewa bendera iliyokunjwa na orodha ya karatasi za kujaza. Katika kanisa letu wenyewe tunawaombea wanajeshi wetu kila mara, na ni vema. Mara ngapi tumewaombea wanaowangoja, kwa majina yao?

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu umekuwa ukielekea tangu mwanzo. Sisi huimba sana juu ya mwanajeshi anaporudi. Majirani hushangilia, mbuzi huchinjwa, watoto huning'inia shingoni. Kisha wageni wanaondoka, na watu wawili wanabaki sebuleni ambao hawajuani vizuri.

Niliwahi kuketi na wanandoa wa namna hiyo. Mume alikuwa amerudi baada ya karibu mwaka mzima. Alikuwa mtu mpole, na bado alikuwa mpole, lakini usiku alihamisha kiti akakiweka mahali ambapo angeuona mlango. Mlio wa mabati ulimtoa jasho. Hilo hakulisema, alisema mkewe. Mume mwenyewe alikuwa na lalamiko jingine. Alikuta mtoto amehamishiwa shule nyingine, sebule imepakwa rangi, funguo haziko pale zilipokuwa zikiwekwa, na mambo yote hayo yameamuliwa bila yeye. Akiuliza, anajibiwa haraka na kwa ufasaha, kama mtu anayejibiwa ofisini. "Mke niliyemwacha yuko wapi?" akauliza. Mkewe alinyamaza kitambo. Kisha akasema, bila hasira, "Huyo alichoka kungoja. Nimebaki mimi."

Sikuwa na la kusema, nami nafikiri ilikuwa heri. Mchungaji hujaribiwa kuufunika ukweli kwa mstari wa Maandiko kabla haujapoa. Tulikaa. Chai ikapoa.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Tumezoea kuufikiria msamaha kuwa ni kwa mtu aliyekosa. Kuna aliyeiba, kuna aliyesema uongo, aje atubu, asamehewe. Lakini katika nyumba ile nani alikuwa amekosa? Mume alitumwa, akaenda. Mke aliachiwa nyumba, akaisimamisha. Kila mmoja alifanya alichopaswa kufanya, na kwa kukifanya akawa mtu mwingine. Hata hivyo kulikuwa na jeraha kati yao, na jeraha linahitaji kuponywa hata kama hakuna aliyelikusudia. Naamini kuna msamaha wa aina hii pia: kumwachilia mwenzako deni la kubaki vile ulivyomwacha. Mume anasema moyoni, nakusamehe kwa kujifunza kuishi bila mimi. Mke anasema, nakusamehe kwa kurudi ukiwa umebeba mahali ambapo mimi siwezi kuingia. Hayo ni maneno magumu kuliko "samahani," na huenda yakasemwa kidogokidogo kwa miaka.

Yanasemwaje? Nimeona yakisemwa kwa mambo madogo. Mke anampa mume jukumu moja, sio yote, awapeleke watoto shuleni, na anajizuia kumwelekeza njia ambayo yeye mwenyewe ameijua kwa mwaka mzima. Mume anauliza, "Jambo hili mmekuwa mkilifanyaje?" kabla ya kulibadilisha. Swali hilo moja, mpendwa, limeokoa ndoa ambazo semina haikuziokoa. Sheria ya Musa ilikuwa na huruma hapa: katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, mwanamume aliyeoa karibuni hakupelekwa vitani kwa mwaka mmoja, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Nadhani anayerudi vitani naye ni kama ameoa upya, na angehitaji mwaka wake. Waajiri hawatampa. Basi nyie wawili jipeni, hata kama ni saa moja kila jioni bila simu.

Lazima niongeze neno hapa, na nisikilize vizuri dada yangu. Sisemi uvumilie kipigo. Wako wanaume wanaorudi na vita vikiwa bado mikononi mwao, na mkono huo ukamwangukia mke au mtoto. Kusamehe hakumaanishi kujifungia ndani pamoja na hatari. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa kwa dada yako, mlango umefungwa. Mwambie mchungaji unayemwamini, mwambie kasisi wa jeshi, nenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au piga 1195, ambayo ni simu ya bure kwa wanaotendewa ukatili nyumbani. Na wewe ndugu unayeamka ukipiga kelele usiku, kutafuta daktari wa akili hakukupunguzii uanaume. Mguu uliovunjika usingeuombea tu ukauacha.

Na yupo ambaye hatakuwa na ugomvi wa funguo, kwa sababu hakuna anayerudi.

Tarehe 23 Februari 2025, kijana wa Kajiado, Konstebo Samuel Tompoi Kaetuai, alipigwa risasi katika jimbo la Artibonite, Haiti, akafariki baada ya kukimbizwa hospitalini kwa ndege. Alikuwa na umri wa miaka 28. Ndiye Mkenya wa kwanza kuuawa katika kazi ile. Alirudishwa akazikwa nyumbani. Mwezi uliofuata askari mwingine wa Kenya alitoweka katika jimbo hilohilo baada ya shambulio, na watu wake wakakaa miezi mingi bila mwili wa kuzika. Kisha, Septemba mwaka uleule, polisi waliwakuta vijana zaidi ya 20 katika nyumba za kupanga huko Athi River, wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Baadhi ya vijana wetu waliotangulia kwa njia hiyo, wakiwa wameahidiwa kazi, waliishia kwenye vita vya Ukraine. Mama zao hawakuwahi kuwa wazazi wa wanajeshi. Waliwapa vijana wao nauli. Leo wanatembea na picha ndani ya mkoba.

Kwa akina mama hawa ninamkumbuka Rispa. Utamkuta katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21. Wanawe wawili walitolewa wakauawa pamoja na jamaa wengine watano wa Sauli, kwa ajili ya hesabu ya kisiasa ambayo wao hawakuiandika, na miili yao ikaachwa nje. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba. Tangu mavuno yalipoanza mpaka mvua iliponyesha, mchana aliwafukuza ndege na usiku aliwafukuza wanyama. Maandiko hayatupi neno lake hata moja. Alikaa tu. Habari zikamfikia mfalme Daudi, na mfalme akaona haya, au akahurumia, hatujui. Akaenda akaikusanya mifupa, ya Sauli na Yonathani na ya wale saba, ikazikwa. Baada ya hapo, inasemwa, Mungu akaiitikia nchi.

Je, tungekuwa jirani za Rispa tungemwambia nini? Naogopa tungemwambia ashukuru kwa kila jambo. Tungemshauri ashuke mwambani, asije akaonekana kuwa hana imani. Wako wanawake kati yetu wanaokaa juu ya mwamba huo, wakiandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, wakiuliza mwana wangu yuko wapi. Tusiwaharakishe kushuka. Kukaa kwao ni uaminifu.

Na hapa upendo hutuomba hatua moja zaidi, ambayo naitaja kwa tahadhari kwa kuwa inauma. Wimbo wa Debora, baada ya kusifu ushindi, unamtaja mama wa Sisera, yule jemadari adui, akichungulia dirishani akiuliza mbona gari la mwanawe limekawia. Hata katika wimbo wa ushindi, mama wa adui anasubiri. Kule Somalia, Gedo na Juba, wako wanawake walioomboleza wana wao kwa lugha nyingine. Hapa Kitengela namjua mjane ambaye kwa muda mrefu alivuka barabara ili asipite mbele ya duka la mama mmoja Msomali auzaye vitambaa. Mama yule hakuwa amemkosea lolote. Naye alikuwa amekimbia vita hivyohivyo. Sasa mjane anapita upande ule na kumsalimu. Hanunui. Anasalimu tu, na kwa kweli siku nyingine anapita kimya. Sijamhimiza afanye zaidi. Salamu ile imemgharimu kuliko sadaka zetu nyingi, na naamini Bwana anaijua thamani yake.

Basi wewe unayesoma, uliye nyumbani na mizigo: unapoinuka alfajiri kuwafunga watoto vifungo vya sare, unapolipa karo kwa mafungu, unapokataa mchanga uliopunjwa, hufanyi kazi ndogo ukingoja maisha yaanze. Hayo ndiyo maisha, na Mungu yumo ndani yake pamoja nawe. Hutakiwi kuwa shujaa kila siku. Siku ya kusahau chumvi, sahau chumvi.

Na wewe ambaye vita havijabisha kwako, nina ombi. Unamjua mwanamke mmoja ambaye mumewe au mwanawe yuko mbali kwa kazi ya silaha, au alikwenda asirudi. Juma hili mtembelee. Usimuulize umesikia habari gani. Akiwa nayo atasema. Muulize ni lini fundi anakuja, ukasimame naye hapo kwenye ploti. Muulize ni siku gani ana foleni katika ofisi, ukabaki na watoto. Ukisikia saluni ikimzungumzia, badilisha habari. Nasi viongozi wa kanisa, tarehe 14 Oktoba ikifika, Siku ya Majeshi ya Ulinzi, Jumapili iliyo karibu nayo tuyasome majina ya wanawake hawa madhabahuni, na mchango wa siku hiyo tuugawe kama Daudi alivyogawa, fungu kwa fungu. Anayetaka jina liingizwe kwenye orodha, jina lake au la jirani yake, amletee katibu wa ushirika wa akina mama kabla ya Septemba kwisha.